Shukrani Uliyomwandikia Mleta Maji

Nyumbani kwa Mama,
Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto.

28 Desemba

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. U hali gani huko uliko? Mkeo na watoto hawajambo? Nilisikia yule mdogo alikuwa na kikohozi, nikajiuliza kama mnamfunika vizuri na hiyo baridi yenu mnayoipiga picha kila siku. Natumaini ameshapona. Sisi huku tupo. Mama anakula kidogo kidogo, usingizi anaupata. Mimi mgongo unanisumbua, na chanzo chake utakiona humu humu.

Simu zako tangu juzi sipokei kwa makusudi, usije ukasingizia mtandao. Naiangalia ikilia mpaka inyamaze. Nikipokea nitakutukana, na Mama yuko chumba cha pili anasikia. Ndiyo maana nimeshika kalamu, maana kwenye karatasi mtu angalau hujizuia. Binti wa jirani anasafiri kesho kuja huko kwenu, ndiye atakayekupa barua hii mkononi.

Zawadi zimefika, ahsante. Shuka za Mama ni laini na miwani imemkaa vizuri.

Sasa tuje kwenye hiyo bakshishi yako. Unakumbuka mwanzoni mwa mwezi uliniuliza kama mleta maji apewe chochote cha Krismasi? Nilikujibu apewe, tena apewe vizuri, ila unitumie mimi nimpe mkononi, akunje, atie mfukoni, yaishe. Ukanicheka. Ukasema kwenu mambo ni ya wazi, kwamba kitu cha kupeana kimya kimya kinanuka rushwa, na mfanyakazi mzuri anastahili kusifiwa mbele ya mabosi wake. Nikakwambia achana nayo hiyo, hujui huku watu wanaishije na mabosi wao. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Mlinzi wa lango nilimpa chake. Yule mama anayefagia ngazi nilimpa chake pia, pamoja na sabuni na blauzi. Wakasema ahsante, nikawaambia sikukuu njema, basi. Hakuna aliyeandika popote na hakuna aliyepoteza kazi.

Nataka mkeo naye aisome barua hii, kwa hiyo acha nieleze kuanzia mwanzo. Sheria ya kampuni yao ni kwamba maji yanaishia langoni. Mteja ashuke mwenyewe akachukue. Lakini jengo letu halina lifti, dada yako si kigoli, na tangu Mama apate kiharusi siwezi kumwacha peke yake muda mrefu. Siku moja aliteleza kutoka kitandani, na yule baba mleta maji yuko chini anashusha madumu. Nilishuka mbio nikamvuta mkono. Alisita, akaniambia haruhusiwi. Nikamwambia kidole kimoja hakivunji chawa, baba, njoo. Akapanda.

Tangu siku ile kila akileta maji anapanda nayo mpaka jikoni. Kisha tunashikana mikono chini ya mapaja ya Mama, tunamnyanyua na kumkalisha kwenye kiti cha dirishani. Kumrudisha kitandani naweza mwenyewe, kumwinua ndiko kunakonishinda. Mama anashinda pale akiangalia wapita njia na kuwasema mavazi yao, na siku hiyo anakula hata bila kubembelezwa. Ndiyo starehe yake iliyobaki.

Tena yule baba, kabla ya kuingia, alikuwa anavua kofia ya kampuni na kuitundika kwenye msumari nje ya mlango. Alisema kampuni imebaki nje, aliyeingia ni jirani. Tulicheka sana. Mama wakati mwingine alimwita kwa jina lako, naye akaitika bila kumsahihisha. Yote hayo nilikusimulia wewe, ndugu yangu wa tumbo moja. Sikuisimulia kampuni.

Basi wewe ukaingia kwenye simu yako, pale unapotuagizia maji kwa kampuni. Ukampa nyota zote, ukaweka na bakshishi ya Krismasi, kisha ukamwandikia risala. Kwamba hana mfano. Kwamba anapanda hadi ghorofa ya tatu, anaingia mpaka chumbani, anambeba Mama yetu kwa mikono yake. Ukaandika hata la kofia, ukiona ni la kuchekesha. Kila sheria aliyoivunja kwa ajili yetu umeitaja, kwa maneno mazuri na nukta zake. Hata adui yake asingeweza kummaliza vizuri hivyo.

Siku moja kabla ya Krismasi akavuliwa sare. Msimamizi alimwambia ameingia nyumbani kwa mteja, amemshika mgonjwa, ameidharau kofia ya kampuni, na juu ya yote amepokea fedha. Fedha yenyewe hajaiona mpaka leo, kampuni imeizuia. Amesimamishwa mpaka mwaka mpya, ndipo wakae kikao wamfukuze au wamrudishe. Umemmwagia mwenzako unga, tena sikukuu, naye ana watoto kama wewe.

Tulifundishwa wote kwamba shukrani ya punda ni mateke. Sikujua kwamba punda mwenyewe nimembeba mgongoni nikimlea. Hilo nimeliandika na silifuti.

Na wahenga hawakukosea, mchuma janga hula na wa kwao. Siku hizi anakuja bwana mwingine. Anaweka madumu langoni, anayapiga picha kama ushahidi, huyo anaondoka. Simlaumu, ameshasikia yaliyompata mwenzake. Mlinzi hawezi kuacha lango, kwa hiyo nilishuka mwenyewe, nikawa namimina kwenye sufuria na kupandisha ngazi kwa ngazi mpaka mgongo ukagoma. Mama Krismasi nzima amelala akiangalia dari. Kila mara ananiuliza, yule mtoto hajaja? Sikujua anamuulizia mleta maji au wewe. Jibu langu lilikuwa lile lile.

Jana mchana mlango ukagongwa, kufungua ni yeye, amevaa shati la kutokea. Niliona aibu kumtazama usoni. Alimsalimia Mama, tukashikana mikono kama kawaida, tukamnyanyua, tukamweka dirishani. Mama alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Ndipo yule baba akanifuata ukumbini, akasema kwa sauti ya chini:

"Dada, ndugu yako nilimkosea nini?"

Sikumwelewa mpaka aliponieleza. Pale ofisini hawakumwonyesha ulichoandika. Walimsomea vipande tu, mteja anasema unaingia chumbani kwa mama yake, mteja anasema unamshika. Ameshinda sikukuu yote mbele ya mkewe na watoto wake akiamini kwamba umemshtaki. Alifikiri umesikia kuna mwanamume wa nje anamgusa mama yako, ukachukia. Na pamoja na kuamini hivyo, alikuja kumnyanyua Mama.

Nikatoa simu, nikamsomea ile nakala uliyonitumia ukitaka nikusifu. Nilimsomea yote. Akaniomba nirudie pale uliposema kwamba yeye ni kama mtoto wa nyumba hii. Nikarudia.

"Kumbe ni sifa," akasema. "Na yote ni kweli. Sasa nitakana nini mbele yao?"

Jibu lete wewe, uliyesoma.

Nisikilize vizuri. Ukimaliza barua hii piga simu ofisini kwao, uongee kwa mdomo wako. Usiandike, nakuomba, usiguse kitu cha kuandikia. Mtake msimamizi mwenyewe. Mwambie ni dada yako mkubwa aliyemvuta yule baba mkono siku ile, na kama kuna wa kuulizwa waje waniulize mimi, mlango wa kushoto. Mwambie hukuwa unashtaki. Mwambie kama bakshishi ndiyo kosa, waichukue wao, lakini mtu arudi kazini. Na ufanye hivyo kabla ya kikao, si baada yake.

Kutoa ni moyo, hilo sikubishii, na moyo wako naujua tangu unatambaa. Kinachonikera ni kwamba ulitaka watu wakuone ukitoa. Ungempa mtu chake gizani asingepungukiwa na kitu.

Na wakimfukuza, wala usinitumie hela ya kumtafuta mwingine wa kupandisha maji. Kata tiketi uje umnyanyue Mama wewe. Nafasi iko wazi.

Msalimie sana mkeo, na wanangu uwabusu wote, yule mwenye kikohozi umzidishie. Shangazi anakusalimu, anasema umekuwa mnene kwenye picha. Mlinzi na mama wa ngazi wanakusalimu. Mama nilimuuliza nikuandikie nini, akasema ule vizuri na uvae soksi. Hajui lolote kuhusu haya, na usithubutu kumwambia.

Mungu akulinde huko ugenini, akupe maisha marefu na akuongezee busara pale palipopungua.

Mleta maji naye anakusalimu. Nilimuuliza kama ana kinyongo na wewe, akasema hana. Ila amenituma ombi moja nilifikishe kama lilivyo. Hata akirudishwa kazini, hata Mama akipona akatembea, tafadhali usimshukuru tena.

Wako akupendaye hata leo,
Dada yako