Akiba ya Sekunde

3 Machi

Mume wangu,

Umepotea hadi watu wakiniuliza nawajibu kuwa nimeachika. Mvua zimekuja zikaondoka, nyingine zimeanza, na kiti chako hapa jikoni nakiwekea ndoo. Kwa simu ya fundi cherehani tumekupigia mpaka ikazima, hupokei. Basi nimemkalisha fundi mwenyewe hapa. Mimi nasema, yeye anaandika, dereva wa basi atakuletea. Nimemwambia nikikutukana asipunguze.

U mzima? Unakula? Mimi mwili haudai, jicho ndilo linadai. La kushoto lilishazimika, unajua. Sasa daktari wa macho amepima la kulia, anasema ni presha ile ile ya jicho. Lililopotea halirudi, ila wakilipasua mapema wataokoa lililobaki. Amenipa tarehe 20 Aprili. Watanifunga bandeji nibaki gizani, na sitaki kushikwa mkono na mtu wa kubahatisha. Bila wewe siingii. Njoo.

Na hiyo kazi yako ya karata kwenye kompyuta ni kazi gani? Fundi anasema ni kamari. Nimemwambia ashone.

Bibi yako

24 Machi

Shikamoo Bibi,

Barua yako nimeisoma nimesimama wima, kama vile uko mlangoni na mwiko. Mimi mzima, nakula, nimekonda kidogo tu. Jicho limenitia wasiwasi.

Fundi hajakosea sana. Ni poka, mashindano ya mtandaoni. Tunaingia watu mia kadhaa, kila mmoja anapewa chipu sawa za kuwekea dau, zikikuishia unatoka, na wachache wa mwisho ndio wenye zawadi. Bahati ipo, lakini mimi naishi kwa saa. Kila uamuzi una sekunde zake. Zikiisha, mashine inazitupa karata zako na mchezo huo umekupita, hata ziwe nzuri vipi. Ila kila mchezaji ana akiba ya sekunde za ziada kwa ajili ya uamuzi mgumu. Wengi wanaimaliza mapema kwa mambo madogo. Mimi naitunza mpaka mwisho, na siku zote najibu kwa mwendo mmoja, nikiwa na kitu au sina, ili nisisomwe. Maana watu wanasomeka, Bibi. Anayepandisha dau haraka haraka mara nyingi anatisha tu, mkono mtupu. Anayekawia, mara nyingi anazo nzuri.

Sasa tarehe 20 Aprili ndiyo siku ya shindano nililolisubiri mwaka mzima. Nikifika meza ya mwisho nitahama hiki chumba cha nyuma ya duka la betri. Mwombe daktari abadilishe siku.

Mjukuu wako

25 Machi

Mume wangu,

Salamu zimefika, na mwiko ninao. Dereva analala mpaka jioni, kwa hiyo nimekwenda hospitali na kurudi kabla basi halijageuza. Daktari amekuna kichwa, akasema 11 Mei. Baada ya hapo anahamishwa, na hajui kama kuna atakayekuja badala yake. Anasema jicho linaliwa kutoka pembeni. Kweli linaliwa. Jana nilisalimia lile sanamu la fundi la kuvalisha nguo, nikakasirika kwa nini haliitikii.

Sikiliza. Tarehe 11 Mei asubuhi nitakuwa kwenye benchi. Nikiitwa na wewe hupo, nitanyanyuka nirudi nyumbani na jicho langu. Fundi ananivuta nguo nisiseme hivyo. Aandike.

Bibi yako

6 Mei

Shikamoo Bibi,

Najua nimekaa kimya sana, usinichape kwa mbali. Aprili nilitolewa nikiwa naziona zawadi. Limebaki shindano moja msimu huu, nalo limeangukia 11 Mei. Sikulipanga mimi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Kilichonituliza ni kwamba ilirudi na basi lile lile lililoleta yangu. Hukulala nayo hata usiku mmoja. Basi nimekusoma, mke wangu: unanitisha. Wewe si mtu wa kuliacha jicho kwa sababu ya hasira. Fundi atakushika mkono, utaingia, na wiki inayofuata nitakuja nikuvue bandeji mwenyewe.

Mjukuu wako

12 Mei

Bibi, shikamoo.

Naomba unijibu na basi hili hili. Simu ya fundi inaita, haipokelewi.

Jana tulibaki kumi na mmoja. Nikapewa ree mbili, na hakuna karata za kuanzia zinazozidi hizo. Hata mtoto angejua la kufanya. Mimi nikawa natazama saa ya ukutani, nikiwaza sasa wanamwita, sasa ananyanyuka. Sekunde zikaisha, akiba yote ikafuatia, mashine ikatupa ree zangu. Muda si mrefu nikatoka. Sijali tena.

Uliingia, Bibi? Nipe neno moja tu.

Mjukuu wako

9 Juni

Mume wangu,

Fundi nilimkataza kupokea simu yako. Usimnunie, ananiogopa kuliko anavyomwogopa mkewe.

Nilikaa kwenye benchi tangu milango inafunguliwa, begi langu la nguo mapajani. Muuguzi aliniita, nikasema mjukuu wangu yuko njiani. Akaniita tena, fundi akanishika kiwiko, nikamtoa mkono. Aliporudi mara ya tatu nikanyanyuka, nikatoka nje.

Unasema nilijibu upesi kwa kuwa nakutisha. Nilijibu upesi kwa kuwa nilikuwa naogopa, mtoto wangu. Niliogopa kisu, niliogopa lile giza, na niliona mkono wako ndio utakaonitosha. Mimi sichezi karata.

Ukasema pia anayekawia anazo nzuri. Mara hii nimekawia, nikitafuta namna ya kukuambia, na sina nzuri hata moja. Daktari amehama. Wiki iliyopita dirisha lilikuwa limebaki weupe tu. Leo nimemuuliza fundi kama kumekucha, akasema ni saa saba mchana.

Unakula? Hata ukikonda, nitakujua tu nikikupapasa.

Sijakufukuza. Ndoo nimeiondoa kwenye kiti chako. Maneno ya kujilaumu yaache kituo cha basi, hapa hayana pa kukaa. Ila ukija usinyate kama ulivyozoea kunishtua. Anza kuongea toka pale kwenye mashine ya kusaga, sema lolote, hata nitukane, mpaka mlangoni, nikusikie unavyokuja. Halafu niwekee uso wako mikononi kabla hujakaa, na usitazame saa.

Bibi yako