Mkurugenzi wa Ndoo Inayovuja

Dada yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Kikohozi kimeniachia, na watoto wanakuamkia.

Kazini wamenipandisha cheo. Siku hizi siitwi mfagizi, naitwa Mkurugenzi wa Usafi na Mandhari. Walinipigia makofi, meneja akanibandika beji kifuani, kisha wakaniachia makombo ya keki yao niyafagie. Ndoo ni ileile na bado inavuja. Idara nzima ni mimi peke yangu.

Jana, baada ya kupata habari zako kwamba mama amezidiwa na ananiulizia, nilikwenda kuomba ruhusa nije kumuuguza. Meneja akatabasamu. "Ungekuwa mfagizi ningekuruhusu. Sasa mkurugenzi anaiachaje idara yake?"

Kumbe cheo chenyewe ni kamba ya kunifungia hapa.

Nilirudi stoo nikaivua ile beji, nikaibandika kwenye mpini wa dekio, nikaliegemeza mlangoni kwake. Idara imepata mkurugenzi mpya, na huyu hana mama.

Mwambie mama nakuja na basi la kesho asubuhi.

Mdogo wako,
mfagizi