Kikapu Chenye Ukingo wa Leso

Kisumu, Jumapili jioni, Julai

Mchana kutwa jua limewaka bila huruma, na sasa ngurumo zinasikika kutoka upande wa ziwa. Afadhali mvua inyeshe. Nyumba nzima ina joto na mimi mwenyewe nachemka.

Nimekasirika. Naliandika neno hilo kwanza ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba nilikuwa nimehuzunika tu. Nimekasirika tangu asubuhi. Nimepika nikiwa na hasira, nimefua nikiwa na hasira, nimeswali alasiri nikidhani itashuka, na bado iko palepale.

Nianze mwanzo, maana nikirukaruka, siku nikisoma tena sitaelewa.

Muhula huu darasa la sita waliambiwa kila mtoto apeleke kikapu alichokisuka mwenyewe, kwa somo la kazi za mikono. Alama zinaingia kwenye ripoti. Kila mzazi hapa Kisumu anajua mambo haya yanavyokwenda. Tangu huu mfumo wa 8-4-4 uanze, watoto wanaagizwa wasuke, wafume, wachonge na wafinyange, na wazazi wanakwenda sokoni wananunua. Mwiko wa mtoto wa darasa la nne unakuwa umechongwa na fundi mwenye wajukuu. Mwalimu anajua, mzazi anajua, mtoto anajua. Wote wananyamaza na alama zinaandikwa.

Salma wangu alisikia "mwenyewe" akaamini.

Namjua binti yangu. Salma ni mtoto wa kuanza. Kumaliza ndiko kunakomshinda. Kuna sweta alianza kuifuma mwaka jana, mpaka leo ina mkono mmoja. Kwa hiyo alipotangaza kwamba atasuka kikapu nilifurahi nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa inangoja siku atakayokitupa chini ya kitanda.

Nilimpeleka Dunga, kando ya ziwa, tukapata mafunjo. Tukayapasua, tukayaanika juu ya paa, tukayaloweka kwenye karai langu la kufulia. Kidogo ninachokijua nilimwonyesha, ingawa mimi ni mtu wa cherehani, si wa kusuka. Kitako alikifumua hata sijui mara ngapi. Alilia, akarusha, akaenda kuokota alichorusha. Vidole vilimchubuka mpaka akawa anakula kwa kijiko hata ugali. Kila jioni nilimwambia usikate tamaa, mwanangu, na kila jioni alirudi kukaa pale mlangoni akaendelea.

Mafunjo yalipomwishia karibu na ukingo, alinijia akaomba kitambaa. Nilichana leso yangu ya njano, ile iliyochakaa, akaizungusha ukingo mzima akashona kwa uzi wa cherehani yangu. Kikapu kilikuwa kimeinama upande mmoja, lakini kilikuwa kikapu. Na kilikuwa kimekwisha.

Alilala nacho.

Sasa rafiki yangu Mama Ouma. Mwanawe Ouma yuko darasa moja na Salma. Yeye alinunua kikapu sokoni Kibuye, kizuri, chenye mistari myeusi, na akaniambia nichukue na mimi kimoja ili tupunguziwe bei. Nakiri hapa ambapo hakuna wa kunicheka: nilikishika mkononi. Nilikigeuza, nikaona kilivyonyooka, nikamfikiria Salma na vidole vyake. Nikakirudisha.

Siku ya wazazi, vikapu vya sokoni vilipangwa juu ya meza ya mbele, juu ya kitambaa cheupe. Cha Salma kilikuwa sakafuni nyuma ya mlango. Alama zake ndizo zilikuwa za chini kabisa darasani, na kwenye karatasi mwalimu alikuwa ameandika neno moja: Jitahidi.

Jitahidi! Mtoto pekee aliyejitahidi katika chumba kile.

Njiani kurudi nyumbani Salma aliniuliza, "Mama, mbona hukuninunulia tu kama wengine?"

Tangu siku hiyo kuna kitu kimezimika ndani yake. Hesabu anaandika mbili anafunga kitabu. Nikimwamsha mapema asome ananiambia hata akisoma itakuwa vilevile. Nimemrudia usikate tamaa, usikate tamaa, mpaka neno lenyewe limechuja. Juzi aliniangalia akasema, "Unaongea kama mwalimu." Kichwa kiliniuma mpaka asubuhi.

Hicho ndicho kinachoniogopesha, si alama. Naogopa kwamba kitu cha kwanza alichowahi kukimaliza ndicho kitakachomfundisha asimalize kingine tena.

Basi leo asubuhi nikaenda Kibuye na Mama Ouma kama Jumapili zote. Tunakwenda wawili kwa sababu wawili wananunua kwa bei nafuu kuliko mmoja. Tunanunua mkebe mmoja wa mahindi, gorogoro, tunagawana, kabichi kubwa tunaikata katikati, omena, wale dagaa wa ziwani, tunapimiwa pamoja. Mimi kazi yangu ni kubeba na kuchagua. Kazi ya Mama Ouma ni mdomo.

Sijaona mtu anayejua kukosoa bidhaa kama Mama Ouma. Hasemi bei ni kubwa. Anaikosea heshima bidhaa yenyewe mpaka mwenye nayo anaona haya. Leo alianza na kabichi. "Yawa! Hii kabichi ama ni mpira ya watoto? Hata sungura yangu itauliza kwani imekosa nini." Mama wa kabichi akacheka, akashusha. Akaenda kwenye mitumba, akainua sketi mbele ya jua ili watu wote waone ilivyochoka. Wakashusha. Mimi huwa nacheka mpaka nashika mbavu. Leo pia nilikuwa nacheka.

Halafu Mama Ouma akakumbuka kwamba kikapu chake cha kubebea vitu kimechanika mkono, akanivuta kwa yule mama anayeuza vikapu, mama mmoja wa kutoka Kombewa ambaye hutandaza gunia lake karibu na wauza nyungu. Mama Ouma aliinama, akapekua, akachomoa kimoja kutoka chini.

Niliiona leso kwanza. Njano, na ule mshono wa uzi mweupe uliokwenda mshazari pale Salma aliposinzia.

Nilijiambia leso za njano ziko nyingi. Lakini hakuna mtoto mwingine Kisumu anayeshona kwa uzi wa cherehani yangu, na hakuna kikapu kingine kilichoinama vile. Na sisi tuliambiwa siku ya wazazi kwamba kazi zote zitatunzwa katika stoo ya shule!

Mama Ouma yeye hakukijua. Aliwahi kukiona kikisukwa mlangoni kwangu kabla hakijapata ukingo, na soko lilikuwa limemchangamsha. Akakiinua juu kama alivyoinua sketi.

"Sasa hii nayo nani alisuka, mama? Mtu alikuwa amelewa? Ona vile imeinama, kama mzee anatoka chang'aa. Na kitako yake imelegea! Nikiweka viazi hapa, nitafika Manyatta nikibeba mkono peke yake. Na hii kitambaa ya njano ni ya nini, ama kikapu iliumwa na kichwa?"

Watu wakacheka. Mama wa vikapu naye akacheka.

"Mama Ouma, nyamaza!"

Sikujua ninaweza kupiga kelele kiasi kile. Wauza nyungu waligeuka. Mama Ouma alibaki mdomo wazi, kikapu bado kiko hewani.

"Nyamaza! Hicho ni cha Salma!"

Alikiteremsha polepole. Alikitazama, akanitazama, akakishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. "Salma wetu?" akauliza.

Mama wa vikapu alidhani tunakigombania. "Mbona mnapigana, mama? Ziko mingi. Chagueni."

Nikamuuliza amekitoa wapi. Hakuficha, wala hakuona kitu cha kuficha. "Mwalimu huniletea. Kila shule ikikaribia kufunga. Zingine ni za watoto kweli, hizo huwa karibu kufunguka. Lakini nyingi ni zangu mwenyewe, si mimi najua mkono yangu?" Akapigapiga kikapu chenye mistari myeusi. "Kama hii hapa. Inaenda shule, inarudi. Imesoma kunishinda."

Kilikuwa cha Ouma. Mama Ouma alikitambua kwa kile kidoa cha mafuta ya taa alichokuwa ameombea punguzo siku ile. Alikinunua hapa, kikaenda kuchukua alama za juu kabisa darasani, na sasa kilikuwa kinamngoja mzazi wa muhula ujao.

Kwa hiyo huo ndio mzunguko. Mama anasuka, mzazi ananunua, mtoto anapeleka, mwalimu anasifu, mwalimu anauza, mama anatandaza tena. Hakuna anayelala njaa na hakuna anayejifunza kitu. Na katikati ya mzunguko huo akaingia mtoto wangu mjinga, na vidole vyake vilivyochubuka, na kikapu pekee kipya. Huyo ndiye aliyeambiwa ajitahidi!

Nilitaka kumtukana mama wa vikapu lakini yeye anafanya biashara yake. Nilitaka kumtukana Mama Ouma, na nadhani nilimtukana kidogo. Nilimwambia yeye na wanunuzi wenzake ndio wanaomlisha mwalimu yule. Hakunijibu. Mama Ouma, hakunijibu!

Alichofanya ni kuuliza bei ya kikapu cha Salma, akalipa ile ile aliyotajiwa. Hakubishana hata kidogo. Mama wa vikapu alizitazama zile pesa kama za bandia.

Tulirudi na mizigo yetu. Pale njia zinapogawana, yeye kwenda Manyatta na mimi kuja Kaloleni, alinipa kikapu akasema, "Mama Salma, mimi nilikuwa nafanya bei tu." Najua. Nilikuwa najua hata nilipokuwa nampigia kelele.

Mpango wangu ulikuwa kukificha mpaka kesho. Kesho nikitundike mkononi, niingie nacho ofisi ya walimu wakiwa wanakunywa chai, nikiweke juu ya meza katikati ya vikombe, niulize stoo ya shule siku hizi iko Kibuye? Nimeyapanga maneno njia nzima. Nilikuwa nayasema kwa sauti, watu wakinipisha.

Lakini Salma aliiona leso ikitokeza chini ya kabichi.

Sikumdanganya. Ningeweza, lakini nilikuwa nimechoka na watu wazima wanaodanganya watoto. Nikamwambia mwalimu amekiuza, na nimekikuta sokoni. Nikakaa kungoja kilio.

Alikigeuza huku na huku. Halafu akauliza, "Kwa hiyo kuna mtu alitaka kukinunua?"

Nikasema ndiyo, Mama Ouma.

"Alisema nini?"

Na mimi, kwa hasira iliyokuwa bado inanichemka, nikamwambia yote. Mzee wa chang'aa, viazi, kuumwa kichwa, yote kama yalivyosemwa. Nilimaliza ndipo nikajiuliza ni mama wa namna gani anamrudishia mtoto maneno kama yale.

Salma alicheka. Sijamsikia akicheka tangu siku ya wazazi. Alicheka mzee wa chang'aa mpaka akakaa chini. Kisha akatia mkono ndani ya kikapu, akakisukuma kitako kwa ngumi, kikatoka nje.

"Lakini kweli kimelegea," akasema.

Akaenda kuchukua kisu.

Nilikwenda jikoni kupanga vitu vya sokoni, na niliporudi ushahidi wangu wote ulikuwa sakafuni. Alikuwa amekata nyuzi, ameivua leso, ameikunja vizuri pembeni, na kitako chote kilikuwa kimefumuliwa. Karai langu lilikuwa limejaa mafunjo yanayolowa. Kinywa changu kilifunguka. Hicho kilikuwa kitu cha kupeleka mbele ya mwalimu mkuu! Bila hicho mimi ni mwanamke mwingine tu anayepiga kelele ofisini.

Salma hakuinua uso. "Mwalimu aliandika jitahidi," alisema, "hakuniambia wapi."

Nikaja kukaa hapa kuandika.

Nasikia kutoka hapa nilipokaa anavyoyavuta, yanalia kidogo kila akikaza. Mimi nimemwambia usikate tamaa muhula mzima, mwalimu wake akaandika jitahidi, na hakuna lililomwingia. Aliyemrudisha kwenye karai ni mwanamke aliyekuwa anatafuta punguzo. Hilo nalo linaniudhi, sijui hata ni kwa nini.

Sijasamehe. Mtu asije akadhani nimesamehe. Shule inafungwa Ijumaa na Salma anasema kufikia Alhamisi atakuwa amemaliza, na safari hii simngojei akitupe chini ya kitanda. Basi nitangoja. Hasira yangu si samaki, haitaoza kabla ya Alhamisi.

Na sitakwenda peke yangu. Mvua imeanza; ikikatika nitavuka mpaka Manyatta kumwomba radhi Mama Ouma, halafu nimwambie ajiandae. Mimi nitabeba kikapu. Yeye aje na mdomo. Nataka amtazame mwalimu yule kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, mbele ya walimu wenzake wote, kama anavyoitazama kabichi.