Koki ya Kisima Namba Saba

3 Machi

Mjukuu wangu mhandisi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti, nalo jeuri kama mwenyewe. Wewe je, unakula?

Naandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu, maana barua ikipita mikono mingi huota masikio. Unasema wafanyakazi wa visimani wanakuita "mama" na kukupa chai. Chai ya nini? Mimi nimekaa kwenye visima vya mafuta miaka thelathini na moja, hakuna bomba lililonitisha, hata wazungu wa mitambo waliniuliza mimi kwanza. Watu wale hawampi mgeni chai bure. Na huyo msimamizi Kipara, spana nilimshikisha mimi. Anacheka mno. Mchunge.

Babu yako

12 Machi

Shikamoo babu,

Mimi sijambo, nakula. Pole na goti.

Babu, wewe ungemshuku hata mtoto mchanga! Hawa watu wananifundisha mambo ambayo chuoni hayakuwepo. Naweka kiganja kwenye bomba, najua pampu inavuta au inazunguka bure. Kabla ya kufungua chochote natazama kwanza upepo unatoka wapi, gesi isinikute usoni. Kipara kanionyesha mwenyewe.

Kisima namba saba kimetulia vizuri. Siku ya nne leo geji ya presha inasoma palepale, nami nasaini daftari. Ila nikishasaini wanatazamana, halafu wanacheka. Sijui nina nini usoni.

Mjukuu wako

16 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu baadaye. Siku nne palepale? Kisima kinachovutwa hakitulii hivyo, mshale wake hutikisika kama mkono wa mlevi. Chini ya geji kuna koki ndogo. Wameifunga. Mshale umebaki na presha ya siku ile, na wewe unasaini presha iliyokufa. Wanakupima: huyu anasoma kisima au anasoma karatasi?

Usimuulize Kipara. Usimuulize yeyote. Simama ubavuni, si mbele, uifungue polepole.

Nampa barua dereva wa lori la mabomba. Bahasha nimeigundisha mara mbili. Ukiona imechanika, ni yeye.

Babu yako

20 Machi

Babu,

Bahasha ilifika nzima. Dereva ni mtu mwema.

Niliifungua koki. Mshale uliruka ukapita alama nyekundu. Niliwahi kuzima pampu, bomba tayari lilikuwa linalia kwenye maungio. Watu watatu walikuwa wamekaa juu yake, wanakula. Na mmoja wao ni Kipara! Waliifunga kunitania, wakasahau kuifungua.

Nimeandika ripoti ya kumfukuza kazi, bado sijaituma. Nilimuuliza mchezo huu kaufundishwa na nani. Akatazama chini, akasema, "Muulize mzee wa vidole vitatu."

Babu, ulituambia vidole vyako viwili vilichukuliwa na moto wakati wewe unaokoa watu kumi. Na mambo ya koki, mbona uliyajua upesi hivyo?

Mjukuu wako

29 Aprili

Mjukuu wangu,

Mimi mzima. Nimechelewa. Nilikuwa na kalamu, usidhani sikuwa nayo.

Watu kumi hawakuwepo. Nilimfungia koki mhandisi mgeni, nikaenda kunywa chai, nikacheka hadi machozi. Bomba likapasuka. Nilikimbia kuifungua kabla hajajua, na vidole vikabaki pale. Yule mhandisi ndiye aliyenivuta. Hakunishtaki. Kipara alikuwa kijana, amesimama na spana yangu, akayaona yote, lakini alichojifunza ni kicheko tu.

Mchezo ni wangu. Nilikuonya juu ya kila mtu, dereva wa watu sikumwacha, ila huyu mmoja nilimficha.

Ripoti, fanya unavyoona, wewe ndiye mhandisi. Lakini kama jina la Kipara limo, na langu liandike, juu yake. Halafu koki zote zifunge kwa waya zikiwa wazi, waya mnene, uukaze kwa mkono wako. Umuhimu wa waya huo hakuna anayeujua kama mimi, hilo sidanganyi.

Barua yako ya mwisho haikuwa na shikamoo. Niliigeuza nyuma na mbele, nikadhani dereva kaifuta. Siku ukiileta, nitaitikia.

Babu yako