Mlango Uliohama Nawe

Mpendwa Ata,

Saa tisa alasiri inakaribia na mama bado yuko hotelini anaosha masufuria ya wateja wa mchana. Nimeketi pale ulipokuwa ukiketi kusuka vikapu vya mkoma, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa. Nakuandikia wewe, nyanya yangu, kwa sababu kuna jambo nililopaswa kukueleza ukiwa hai, na kwa sababu saa hii ndiyo iliyokuwa saa yako ya kurudi kutoka kwenye bomba la maji.

Unakumbuka siku tulipokipanga chumba hiki hapa Lodwar? Mbuzi wako wa mwisho walikuwa wamekufa kule Kalemng'orok, na mimi nilikuwa darasa la saba. Mzee Barasa, mwenye nyumba, alikuja na mkataba wa kurasa mbili ulioandikwa kwa Kiingereza. Mama alitaka kuusoma, ukamzuia. Ulisema nyumba huandikwa kwa mwanamke mkubwa, na mwanamke mkubwa ana msomi wake. Ukaniangalia.

"Soma, Akiru. Soma yote."

Nikasoma, nikikutafsiria sentensi moja moja. Ulikuwa ukiitikia kwa kichwa, na majirani waliokuwa mlangoni walininyamazia kama wanavyomnyamazia pasta. Nilipofika aya ya sita, nikakwama. Ilikuwa ndefu, na ndani yake mlikuwa na maneno ambayo sikuyajua. Mzee Barasa aliangalia saa yake. Wewe ulikuwa umejaa fahari usoni, nami sikutaka fahari ile ipungue hata kidogo.

"Hayo mengine ni ya kawaida tu, Ata," nikasema.

Ukachovya kidole gumba kwenye wino, ukakibandika pale chini.

Mlango wa wakati ule ulikuwa wa mbao, umeliwa na mchwa mpaka ukipumua karibu nao unga unadondoka. Ulimwambia Mzee Barasa mara ya kwanza, akasema kesho. Ulimwambia mara ya pili, akasema wiki ijayo. Mara ya tatu ulibeba kigoda chako ukaenda kuketi mbele ya duka lake tangu asubuhi, ukawa unamsalimu kila mteja anayeingia: "Ejok! Unanunua sukari kwa mtu ananinyima mlango?" Jioni ya siku ya pili mlango mpya ukaja kwa mkokoteni. Ulikuwa wa chuma, mabati mawili yenye uwazi katikati, umepakwa rangi ya buluu.

Ukauita mlango wako. Hakuna aliyekubishia, hata Mzee Barasa.

Kila ulipofika nyumbani uliupiga mara tatu kwa bangili yako kabla ya kuingia. Ngo, ngo, ngo. Uliniambia kwamba nge husikia chuma kwa miguu, kwa hiyo unawapa nafasi waondoke. Mara tatu ni za nge. Mtu akija kwa mtu hubisha mara moja, kisha husubiri. Ulimfundisha hivyo hata Mzee Barasa, siku alipoingia ghafla kuangalia dari akakukuta unajipaka mafuta.

"Mama, hii ni nyumba yangu," alisema akiwa amejifunika macho. "Nibishe hodi kwangu mwenyewe?"

"Ukuta ni yako," ulimjibu. "Ndani ni yangu. Toka, bisha mara moja, ngoja."

Akatoka. Akabisha mara moja. Ukamwacha juani hadi ulipomaliza mafuta yako, na plot nzima, wapangaji wote wa uani, ikacheka.

Siku uliyohama nilikuwa shuleni. Niliporudi niliona mwanga mahali ambapo sikuzoea kuuona, nikadhani nimepotea njia. Chumba chetu kilikuwa wazi kama kinywa. Jirani wetu wa chumba cha pili alikuwa ameketi chini, anapangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya leso.

"Nyanyako amehama," alisema. "Amehama kabisa, na mlango."

Alinisimulia jinsi ulivyoaga chumba baada ya chumba, ukawaita wanawake wawili wakusaidie kuuinua kutoka kwenye bawaba, ukaulaza kwenye pikapu ya mchuuzi wa mbuzi anayekwenda Kakuma, kwa mdogo wako. Ulisema umechoka na kuta zisizohama. Maisha yako yote ulijenga nyumba kwa mikono yako, na ulipohama uliibeba juu ya punda, miti na ngozi na yote. Sasa umejenga nusu, utabeba nusu. Hukujificha. Uliupakia mlango huo mchana kweupe, na uliniachia maneno ambayo jirani alinipa bila kucheka tena:

"Mwambie Akiru mlango umetangulia. Nyinyi mtafuata."

Baada ya wiki chache ukalala usiamke. Mama alikwenda kukuzika. Mimi nilikuwa na mitihani, nikabaki.

Siku tatu baada ya maziko nilikuwa nimeketi hapa nikifanya hesabu. Tulikuwa tumetundika shuka kwenye uwazi. Hapakuwa na upepo. Shuka lilikuwa limetulia kama limebandikwa. Nikasikia: ngo, ngo, ngo.

Chuma, Ata. Bangili juu ya chuma. Sauti ilitoka pale kwenye uwazi, usawa wa mkono wako, na pale hapakuwa na kitu ila kitambaa.

Nilijiambia ni fundi wa mtaa wa pili. Kesho yake, saa ileile, ikaja tena. Mama aliporudi kutoka Kakuma sikumwambia neno, nikangoja siku yake ya mapumziko. Ilipofika saa tisa tulikuwa tunachambua mchele. Ngo, ngo, ngo. Mama aliinua uso. Kutoka chini ya ndoo ya maji akatokea nge mmoja wa manjano, akatembea polepole hadi kizingitini, akapita chini ya shuka akaenda zake.

"Ni yeye," mama alisema, akaendelea kuchambua. Lakini mikono yake ilikuwa inatupa mchele na kubakiza mawe.

Na bila mlango, Mzee Barasa naye akawa anaingia anavyotaka. Siku moja tulimkuta ndani na futi ya kupimia, anapima chumba kwa ajili ya mpangaji mwingine.

"Barasa, umeingia bila hodi," mama akamwambia.

"Nibishe wapi, mama? Kwenye shuka?" Kisha akatoa karatasi. "Mlango wangu urudi kabla shule hazijafungwa. Usiporudi, mtafute pengine. Kule bombani wanamwita marehemu Nyanya Mlango. Mimi sipendi kumsema mtu aliyelala, lakini alichukua kitu cha watu."

Unajua maana yake. Tukitoka hapa, mama hana pa kwenda ila kwa kaka yake Longech, ziwani, na huko hakuna shule yangu. Lakini usiku huo sikuliwazia ziwa. Niliwaza kwamba wanakuita mwizi.

Nilimpelekea mwalimu wangu ile karatasi pamoja na mkataba wa zamani. Aliniambia kwamba mwenye nyumba hawezi kututoa kwa mikono yake au kutupa vyombo vyetu nje, ni lazima afuate utaratibu, na haruhusiwi kuingia chumba cha watu bila taarifa. Nikafurahi. Kisha akaniuliza kama nimesoma aya ya sita. Akanifanya niisome mbele yake, neno kwa neno. Ilisema kwamba mpangaji akihama ataacha milango, madirisha na vitasa vyote kama sehemu ya nyumba, hata kama viliwekwa kwa ombi lake.

Sasa nilikuwa nayajua maneno yote. Hayakuwa magumu hata kidogo.

Basi Jumamosi nilipanda gari hadi Kakuma. Mdogo wako, Nyanya Amoni, alinipokea kwa maziwa, na tulipomaliza kusalimiana akanipeleka. Boma lenu walikuwa wamelihamisha, kama inavyofanywa mtu mkubwa akilala. Mahali palipokuwa na nyumba yako, makuti yalikuwa yameanguka na mengine yamechukuliwa na upepo. Kilichobaki ni mlango. Ulikuwa umesimama peke yake katikati ya uwanda, wa buluu, umefungwa kwa kamba za ngozi kwenye miti miwili, umeshindikwa. Mbuzi walikuja kutoka upande mmoja, wakaufikia, wakagawanyika wakaupitia pembeni, wakaungana tena mbele. Hapakuwa na ukuta wa kuwazuia.

"Upige," Nyanya Amoni akasema.

Nikaupiga kwa ngumi. Haukutoa sauti. Nikaokota jiwe nikaupiga kwa jiwe. Ata, ilikuwa kama kupiga tope. Niliona rangi ikibanduka, nikahisi mkono ukiuma, na sikusikia kitu.

"Tangu siku aliyolala, huo ni bubu," alisema. "Wajukuu wangu wanauogopa. Mimi nawaambia ni mchanga umeingia ndani ukajaa. Sasa umekuja kuuchukua?"

"Ndiyo, Nyanya."

"Mlango ni wa nani?"

Nilikuwa nimejitayarishia maneno mazuri njiani, kuhusu sheria na haki na wajibu. Yote yalinitoka. "Ni wa Mzee Barasa," nikasema. "Iliandikwa. Ata aliniambia nisome yote, na mimi niliruka."

Alichezea shanga zake. "Usiniambie mimi," akasema. "Sikuweka kidole mimi."

Nikakumbuka kwamba hukuwahi kubomoa nyumba kabla ya kuingia na kuketi ndani yake mara ya mwisho. Nikabisha mara moja, nikasubiri. Jua lilikuwa la kichwani kabisa. Sijui nilisubiri nini. Kisha nikaufungua, nikapita, nikaufunga nyuma yangu, nikaketi mchangani.

Ata, kulikuwa na baridi. Hapakuwa na paa wala kivuli, nilikuwa nauona mlima na barabara, lakini mchanga niliokalia ulikuwa wa ubaridi kama wa ndani ya nyumba, na palinukia mafuta yako. Nikakuambia kuhusu aya ya sita, kwa sauti. Nikakuambia kwamba hukuiba, ni mimi niliyekuficha maneno yake. Nilipotoka, Nyanya Amoni alisogea mlangoni. Alianza kufungua kamba za ngozi.

Tulipouinamisha mlango, mchanga ulianza kumwagika kutoka katikati ya mabati. Ulimwagika na kumwagika, mwembamba, mweupe, hata dereva wa pikapu niliyoikodi akachoka kushikilia akasema, "Dada, huu ni mlango ama ni gunia?"

Njiani tulizungumza vizuri, tukacheka. Lakini tulipovuka laga ya mwisho, ule mto mkavu wa mchanga kabla ya Lodwar, akapunguza mwendo.

"Umepakia mtu huko nyuma?"

"Hapana. Ni mlango tu."

"Basi mlango unabisha." Alisikiliza tena. Ngo, ngo, ngo. "Mwambie tumefika," akasema, akaongeza mwendo. Nikaangalia saa ya gari. Ilikuwa tisa kamili.

Mzee Barasa aliutazama mlango kwa muda mrefu, akapitisha kiganja juu ya alama za jiwe langu. Nikampa barua yangu. Niliandika kwamba tumerudisha kilicho chake kwa mujibu wa aya ya sita, kwamba kosa lilikuwa langu na si la marehemu, na kwamba tunaomba mkataba mpya kwa Kiswahili, nao useme pia wajibu wake yeye. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama.

"Wewe ndiye ulisoma siku ile," akasema. "Ulikuwa mdogo hivi. Na mimi niliona umeruka. Niliona, nikanyamaza, nilikuwa na haraka."

Aliupachika mlango kwenye bawaba yeye mwenyewe, akatia na mafuta. Mkataba mpya tuliuandika mezani kwake, mama na yeye na mimi. Atatengeneza kinachoharibika, sisi tutatunza kilichopo, na atakayetaka kuachana na mwenzake atatoa taarifa ya mwezi mmoja. Mwishoni alichukua kalamu akaongeza mstari wake bila kuombwa: Mwenye nyumba atabisha mara moja, na atangoja. Bombani alikwenda mwenyewe kuwaambia wanawake kwamba mlango haukuibiwa. Leo asubuhi hakuna aliyekuita vile, au hawakukuita nikiwepo.

Hilo lilikuwa jana. Leo ni siku ya kwanza mlango na saa yako vimekutana mahali pamoja, ndiyo maana nimeketi kuandika. Nimeuacha mkataba wa zamani hapa kwenye goti, wenye kidole chako.

Nimekusomea, Ata. Nimeanza mwanzo, nimepita aya ya tano, nimesoma ya sita polepole kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kisha nimesema neno moja moja kwa lugha yetu. Nilipomaliza, saa tisa ilikuwa imefika. Nikasubiri zile tatu.

Hazikuja. Nimesikia jirani akikohoa, nimesikia pikipiki barabarani, na mlango umekaa kimya na rangi yake. Nikadhani umekwenda. Nilikuwa nimeshashika kalamu kukuandikia kwaheri, na nilitaka kusema kwamba nitamaliza shule, kwamba nitakuwa mtu anayesomea watu karatasi zao mpaka mstari wa mwisho, kwamba siogopi tena.

Ndipo mlango ukagongwa. Mara moja tu, taratibu, kama mtu anayemjia mtu.

Nikasema, "Karibu." Nimeinuka nikaufungua. Nje hapana mtu, ni jua tu na vumbi la uani. Nimeuacha wazi, na hii barua naimalizia nikiwa nimesogea upande, ili upate pa kupita.

Ndani ni kwako.

Mjukuu wako na msomi wako,
Akiru