Mchoro Uliobandikwa Ubaoni

Mtaa wa Maghala, Niigata,
Mwezi wa tisa, mwaka wa tano wa enzi ya Kaei.
Huu ni mwaka wa kumi tangu nitolewe mji mkuu, Edo.

Mpendwa mpwa wangu Isokichi,

Habari za siku nyingi? Dada yangu Otose anaendeleaje na magoti yake? Na mkeo Ohama, amejifungua salama? Mimi mzima. Meno yamebaki machache, ila macho bado yanasoma, na wauza mchele wa huku hunipa makaa na samaki wa chumvi niwafundishe watoto wao mashairi ya kale.

Barua yako nimeipata, pamoja na picha uliyoifunga ndani. Nimefurahi kwamba amri iliyonifukuza, kisa shujaa wa hadithi katika picha yetu kufanana na mwigizaji wa jukwaani, ambao ilikatazwa kuwachora, sasa imelegea. Umeandika: "Mjomba, rudi tu, mambo yamepoa. Wewe chagua mashairi, mengine niachie mimi." Nimeyasubiri sana maneno hayo.

Kisha nikaikunjua picha.

Juu, shairi la upepo wa vuli nililolichagua mimi. Chini, yule mke wa hadithi ya kale aliyegundulika kuwa mbweha anamwacha mwanawe usingizini, mkono mmoja bado umeshika pazia. Ni kazi ya binti yangu Oyae. Alinigombeza akiichora: "Baba, maneno yako yamejaa karatasi nzima, mama wa watu asimame wapi?" Nikafuta mistari miwili. Yule mbweha alimpa uso wa marehemu mama yake. Wewe nawe ulikuwepo, mdomo umejaa andazi la mchele, ukasema, "Ni yeye kabisa! Amebakiza kunikaripia tu."

Kwenye picha yako uso huo haupo. Yupo mrembo wa nyumba za chai. Mama Otaki, mwenye nyumba wangu, alichungulia akacheka: "He, Mwalimu! Huyu anaaga mtoto au anaita wateja?"

Hata hilo ningelimeza. Lakini unaniambia, tena kwa furaha, kwamba mliukata uso, mkautupa, mkatia mwingine, kisha mchongaji akaubandika mchoro wenyewe kifudifudi kwenye ubao, "kwa kuwa muda ulikuwa mfupi." Isokichi, umezaliwa katika kazi hii ya kuchapa picha kwa mbao. Unajua kisu hupita juu ya karatasi, na ubao ukishachongwa karatasi imekwisha. Ungempa mwanafunzi yeyote karatasi nyembamba aunakili mchoro, nakala ndiyo ibandikwe ubaoni. Ni kazi ya asubuhi moja.

Oyae alinifuata huku, na baridi ya kwanza ikamuua. Mchoro wake, ambao haukuwa umechapwa bado, nilikuachia kwa kuogopa mvua za njiani. Nilikuambia unitunzie, nitaufuata mwenyewe. Hapakuwa na mchoro mwingine wenye uso wa mama yake, na mkono uliouchora haupo. Nyumba yangu ya Edo iliuzwa, marafiki wamekufa au wamenisahau. Nilikuwa nirudi Edo kwa ajili ya karatasi ile tu.

Usinitumie picha nyingine.

Nisalimie Otose, mwambie nimezeeka na safari ni ndefu, nayo ni kweli. Nisalimie Ohama na mtoto, akue na afya. Moto upite mbali na paa lenu. Bado nakupenda, ndiyo maana nimeandika badala ya kunyamaza.

Edo sitarudi.

Mjomba wako,
Rokuzaemon