Jina la Kumi na Nne Ubaoni

Kalangalala, Geita
4 Machi 2024

Mayu wangu mpenzi,

Shikamoo. Huku mimi, mkweo Vumilia na wajukuu zako tu wazima, mafua tu ndiyo yanayozunguka nyumbani. Macho yanaendeleaje? Dawa niliyompa Januari, konda wa basi, ilifika?

Mama, furahi! Shirika letu limekubali kujenga kituo cha wazee hapo Didia. Ramani ninayo mezani: ukumbi, chumba cha daktari, jiko, bomba la maji. Wazee wanaongezeka na sisi vijana tumekimbilia huku migodini, nani awapeleke hospitali? Nimekipigania kijiji chetu mpaka bosi akanichoka.

Naomba kitu kimoja. Ulifundisha kisomo cha watu wazima, kila nyumba unaijua. Niandikie wazee wanaoishi peke yao: jina, umri, nyumba iko wapi, anaumwa nini.

Mwanao,
Luka


Didia
9 Machi 2024

Mwanangu Luka,

Marahaba. Naamka, namshukuru Mungu. Dawa ilifika, ila kifuniko kililegea, nusu imenywewa na mfuko wa Januari.

Habari ya kituo nimepiga vigelegele peke yangu uani, kuku wakatawanyika. Lakini majina siandiki. Unataka niwaandike vikongwe wanaokaa peke yao, na njia ya kwenda kwao, na macho yao? Umesahau ulikozaliwa? Tumepikia mavi ya ng'ombe maisha yote, moshi umetuharibu macho, na hapa bibi mwenye macho mekundu anaitwa mchawi. Mama Mageni walimkata mapanga wewe ukiwa darasa la nne. Wiki nzima hukuiachia kanga yangu.

Jengeni, fungueni mlango. Tutakuja wenyewe kwa miguu yetu.

Mayu wako


Kalangalala
14 Machi 2024

Mayu,

Shikamoo, na pole na macho. Sisi wazima.

Mama, hayo mambo ni ya zamani. Bila majina hakuna kituo, wafadhili wanataka idadi kamili. Tena lazima yabandikwe kwenye ubao wa kijiji siku kumi na nne watu wayaone, la sivyo wakubwa watajaza shemeji zao. Ndivyo tunavyofanya kila mahali. Kwa kuwa umekataa, fomu nimemtumia mtendaji wa kijiji. Usinikasirikie. Na wewe nimekuweka, sikutaka ukose.

Mwanao,
Luka


Didia
21 Machi 2024

Luka,

Leo salamu utanisamehe.

Karatasi yako iko ubaoni. "Namba 14: Bernadina Mabula, miaka 74, mjane, anaishi peke yake, nyumba ya mwisho njia ya bwawani, macho mekundu." Hayo umeyaandika wewe, niliyekunyonyesha. Watu wanasomeana kwa sauti, nikipita wananitazama macho.

Jumanne ndama wa Kalisti alikufa. Kalisti ni jirani wa Asteria, na Asteria ni namba tatu. Sasa Kalisti hamwamkii tena Asteria. Alikwenda kwa mganga, akarudi, akasimama pale ubaoni muda mrefu na kidole kwenye karatasi. Kidole, Luka! Nimemchukua Asteria, yuko kwangu. Hata sufuria yake hakubeba.

Njoo uitoe. Naogopa, sikufichi.

Mayu wako


Kalangalala
22 Machi 2024

Mayu,

Shikamoo. Barua nimeisomea stendi. Nisamehe.

Nimempigia mtendaji. Anasema haitoi kabla ya siku kwisha, mpaka apate barua ya bosi wangu. Bosi yuko Bugarama kwenye semina mpaka Ijumaa ijayo. Nikija mikono mitupu nitaishia kubishana tu, kwa hiyo naenda Bugarama kuifuata hiyo sahihi. Polisi nimewaambia, wamesema watapita. Fungeni mlango. Nijibu, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Luka


Kalangalala
26 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Januari amerudi mara mbili bila barua. Simu ya jirani yako Mama Suzana inaita tu. Sahihi nimeipata, sasa wanataka na mhuri. Kesho asubuhi naupata.

Silali, Mama. Niandikie neno moja tu. Andika "nipo".

Luka wako


Didia
27 Machi 2024

Mwanangu Luka,

Nipo. Asteria yupo pia.

Jumatatu alfajiri walivunja mlango wake, wakalikatakata godoro. Hawakujua yuko kwangu. Kulipokucha nilikwenda nikaichana ile karatasi. Mtendaji akatoka mbio, eti barua ya ruhusa iko wapi. Nikamwambia, mwenye karatasi nimemzaa mimi.

Kisha nikapita nyumba zote za kwenye orodha yako. Ilinichukua siku nzima, magoti yanalia mpaka sasa. Waliokubali kuja ni kumi na mmoja, na magodoro yao, na ugomvi wao. Vyumba vyangu ni viwili, utaona tulivyobanana! Tunapika kwa zamu, anayeona vizuri anachota maji na kuchungulia njia. Usiku wawili wanakaa macho, wanasimuliana uongo wa ujana wao. Jana Kalisti alipita akatukuta wote uani, tukamwamkia kwa pamoja. Aliinamisha kichwa akaongeza mwendo.

Basi irekebishe fomu yako. Pale ulipoandika "anaishi peke yake", futa, kwa kila mmoja. Na ukumbi kwenye ramani upunguze, weka vyumba vya kulala. Jiko liwe la gesi, moshi umetutosha. Mlango uwe wa chuma.

Nimekukasirikia sana. Siku tano ulikuwa unatafuta sahihi, na mimi nilikuwa natazama njia ya basi.

Mhuri uache hukohuko. Njoo wewe. Ndani pamejaa, mkeka wako tumeutandika mlangoni.

Mayu wako